Hamida wa Kwanza

Siku jina la Hamida Huseni liliposomwa redioni miongoni mwa wasichana ishirini na mmoja watakaokwenda ng'ambo kwenye fainali za dunia za mpira wa miguu, zile za wasichana walio chini ya miaka kumi na saba, kijiji kizima cha Kiswere kilijifanya kilikuwa kinajua tangu zamani. Waliosema miaka yote kwamba mtoto wa kike anayejirusha mchangani kudaka mpira hatapata mume, sasa walisema wao ndio waliomfundisha kujirusha. Haruna, mwenye banda la kuonyeshea mpira, alibandika mlangoni picha ya Hamida aliyoitoa kwenye simu na kuikuza mpaka sura ikawa madoadoa. Mwenyekiti wa kijiji, Ridhiwani, ambaye alipata kuwafukuza wasichana uwanjani ili wavulana wafanye mazoezi, alihutubia dakika arobaini juu ya faida za michezo kwa mtoto wa kike. Hakuna aliyemcheka. Ilikuwa siku ya furaha na kila mtu aliachiwa uongo wake.

Sauda, mama yake Hamida, hakumhutubia mtu. Alikuwa mjane wa miaka saba. Tangu mumewe Huseni alipofariki, mikorosho michache, ufuta, na pweza aliowachokoa miambani maji yakitoka ndivyo vilivyowalea yeye na binti yake. Hamida alikuwa golikipa. Mikono mirefu aliirithi kwa baba yake, na ukaidi, watu walisema, aliurithi kwa mama. Alipofika miaka kumi na mitatu alichukuliwa na kituo cha kukuza vipaji Dar es Salaam, na tangu siku hiyo Sauda alikula peke yake. Kwa hiyo redio ilipotaja lile jina alikaa chini ya mkorosho akalia kidogo, akafuta uso kwa upindo wa kanga, akaendelea kufyeka.

Siku ya tatu simu ikaita. Alikuwa Witness, kocha wa timu, mwanamke mpole wa sauti lakini asiyezungusha maneno. Alimsalimia, akamwita Mama Hamida kama kila mtu alivyomwita, kisha akamweleza tatizo. Walipokuwa wanashughulikia hati ya kusafiria walikuta cheti cha kuzaliwa cha Hamida kinasema alizaliwa mwezi wa tatu mwaka 2007. Wanaoruhusiwa kwenye fainali zile ni waliozaliwa kuanzia 2008. Hamida mwenyewe alikuwa anasema ana miaka kumi na sita, na kocha alipenda kumwamini, ila karatasi haimwamini mtu. Zilikuwa zimebaki wiki tatu majina yapelekwe. Baada ya hapo hakuna kuongeza wala kupunguza.

Sauda alishukuru, akakata simu. Hakuhitaji kuelezwa kosa liko wapi. Alilijua, kwa sababu yeye ndiye aliyelifanya.

Sauda alizaa watoto wawili, na wote wawili waliitwa Hamida.

Wa kwanza ndiye aliyezaliwa mwezi wa tatu mwaka 2007, kwenye kituo cha afya, akaandikiwa kadi ya kliniki kwa kalamu ya bluu. Aliitwa Hamida kwa ajili ya mama yake Huseni. Aliishi mwaka mmoja na miezi saba. Homa ilimshika mchana, jioni ikaja degedege, na alfajiri walipokuwa wanambeba kuelekea barabara kuu kutafuta gari la kwenda Lindi, akafia mgongoni kwa baba yake. Huseni hakujua. Alitembea naye zaidi ya nusu saa akimwambia tumekaribia, mwanangu, tumekaribia. Sauda aliyekuwa nyuma ndiye aliyeona kichwa kilivyolala, naye hakusema kitu mpaka walipofika barabarani, kwa sababu hakujua aseme nini.

Wa pili alizaliwa mwezi wa tano mwaka 2009, msimu wa kuvuna ufuta, katika kibanda cha shambani, mbali na nesi na mbali na kadi. Bibi yake alimpokea akasema huyu ndiye Hamida. Kwetu ndivyo ilivyo. Jina la mtoto aliyekufa haliachwi lizikwe naye. Anayefuata hulichukua, na watu huona ni heshima kwa wote wawili. Hamida wa pili alijua hivyo tangu utotoni. Sauda hakumficha. Alilijua kama mtoto anavyolijua jambo lililotokea kabla hajazaliwa, halimwumizi wala halimnyimi usingizi. Makaburini tu ndiko hakupata kupelekwa, maana Sauda alipenda kwenda peke yake.

Kadi ya kwanza aliihifadhi ndani ya sanduku, katikati ya kanga mbili. Mwaka ule Hamida wa pili alipokuwa bado hajafikisha miaka sita, mrefu kuliko wenzake, alianza kuwafuata watoto wa jirani shuleni kila asubuhi, akirudishwa analia. Mwalimu aliyekuwa anaandikisha darasa la kwanza akasema mtoto awe na miaka saba na mama alete kadi. Sauda alikwenda sandukuni akaitoa kadi. Hakusema uongo wowote kwa ulimi wake. Jina lilikuwa la mtoto huyu, baba huyohuyo, mama huyohuyo. Mwalimu alinakili tarehe, na kutoka daftari lile ikaenda kwenye cheti cha kuzaliwa, na kutoka kwenye cheti ikaenda kila mahali. Ukweli mwingine Sauda hakumwambia mtu yeyote: mwalimu aliposoma lile jina kutoka kwenye kadi ile, alisikia furaha ya ajabu. Kwa dakika moja ilikuwa kana kwamba na yule wa kwanza ameandikishwa shule.

Sasa furaha ya dakika moja ilikuwa imemfunga binti yake miguu.

Alimwita shemeji yake, Alfani, mdogo wake marehemu Huseni. Alfani alikuwa mtu wa vitendo. Ukimwambia nyumba inavuja yeye yuko juu ya paa kabla hujamaliza kueleza. Alipanda gari kwenda Kilwa Masoko kuulizia kwenye ofisi ya vyeti, akarudi kesho yake na jibu, akalitoa akiwa amesimama, bado na vumbi la safari.

Jibu lilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kusema ukweli, kwamba walikuwa watoto wawili. Lakini ukisema hivyo, cheti alichonacho Hamida ni cha marehemu. Shule aliyosoma amesoma kwa jina la marehemu, mtihani amefanya marehemu. Kifo cha yule mtoto hakijawahi kuandikwa popote, kwa hiyo kwanza kiandikwe, na mashahidi, na barua, halafu huyu aanze kutafutiwa cheti chake upya. Miezi sita, labda mwaka, na pengine mtu akauliza ni nani aliyetumia cheti cha maiti. Njia ya pili ilikuwa nyepesi. Mtoto ni mmoja, tarehe ilikosewa na mwandishi. Mama anakula kiapo, kijiji kinaandika barua, cheti kinarekebishwa kwa siku chache. Tena yule bwana wa ofisini aliyemweleza, alipoguswa kidogo tu juu ya habari ya dada aliyekufa, alicheka. Alisema wazazi wa wachezaji wote wana kisa cha namna hiyo, na mwezi ule alikuwa ameshasikia viwili.

"Yaani niseme sikumzaa," Sauda akasema.

"Useme umezaa mmoja, shemeji. Basi."

"Alfani, wewe ndiye uliyeshuka kaburini ukampokea."

Alfani akavua kofia, akaitazama, akaivaa tena. Alisema hajasahau, na hakuna anayemwambia mtu asahau. Yule ameshapumzika, Mungu anamjua, haombi kitu kwa binadamu. Huyu ndiye anayeomba. Maneno yalikuwa ya kweli, na ndiyo maana Sauda aliyachukia.

Alikaa siku mbili bila kumjibu. Siku ya pili Hamida akapiga simu kutoka kambini. Hakumbembeleza mama yake. Alimsimulia habari za kawaida, kwamba chakula ni kizuri, kwamba analala chumba kimoja na msichana wa Tanga anayeota kwa sauti, kwamba amepewa glavu mpya. Sauda akamwuliza kama amezoea. Hamida akasema bado hajafungua begi. Nguo anazitoa moja moja na kuzirudisha, maana wanaweza kumwambia aondoke siku yoyote, na hataki wenzake wamtazame akipanga vitu vyake.

Hapo ndipo Sauda alipokata shauri. Mtu anaweza kumkatalia mtoto anayelia. Kumkatalia mtoto anayejiandaa kimyakimya kukataliwa, hilo Sauda hakuliweza.

Walikwenda Kilwa Masoko siku ya Jumatano, yeye na Alfani. Nje ya ofisi ya mahakama palikuwa na bomba la maji, na Sauda, kwa mazoea ya mtu anayekwenda kushika msahafu, alitawadha. Alikuwa anaosha mguu wa kushoto alipotambua anachokifanya. Anajitakasa ili akaseme uongo. Alitaka kucheka na hakuweza, akamalizia mguu.

Aliyewapokea alikuwa mzee wa makamo mwenye miwani, mwenye haraka lakini si mtu mbaya. Alisoma karatasi iliyokwisha kuandikwa, kwamba mimi Sauda Saidi Likwata, mkazi wa Kiswere, Mwislamu, ni mama mzazi wa Hamida Huseni, kwamba mtoto huyo alizaliwa tarehe kumi na mbili mwezi wa tano mwaka 2009, kwamba tarehe iliyo kwenye cheti iliandikwa kwa makosa. Sauda aliweka mkono juu ya msahafu akarudia neno kwa neno. Mpaka hapo moyo wake ulikuwa umetulia, kwa sababu kila lililoandikwa mle, ukilichukua peke yake, lilikuwa kweli.

Kisha yule mzee akainua macho. Alisema maswali mengine hayapo kwenye karatasi, ila siku hizi wanatakiwa kuuliza.

"Mama, umejaaliwa watoto wangapi?"

"Mmoja."

"Hakuna mwingine aliyetangulia mbele ya haki?"

Mkono wake ulikuwa bado juu ya msahafu. Alfani alikuwa anatazama dirishani.

"Hakuna," Sauda akasema.

Mzee akagonga muhuri. Akamtakia binti yake mafanikio, akasema na yeye ana wajukuu wanaopenda mpira. Kwenye gari la kurudi Sauda alitapika kwenye mfuko wa plastiki, na mama mmoja abiria akampa ndimu anuse, akidhani ni safari.

Ungedhani yamekwisha. Lakini kulikuwa na kadi. Alfani alisema kadi isionekane tena, maana wiki hiyohiyo kulipatikana habari kwamba kuna mtu, hajulikani nani, aliyewapigia simu watu wa timu kuwaambia yule golikipa ana umri mkubwa, na wanakuja kuhakikisha. Sauda aliitoa kadi sandukuni. Ilikuwa na ule mchoro wa uzito, nukta ndogo za kalamu zilizopanda mwezi kwa mwezi, mwezi wa kwanza, wa tano, wa kumi na mbili, zikafika wa kumi na tisa. Baada ya hapo mistari mitupu. Alikuwa amepika ugali wa mchana na kuni zilikuwa bado zinawaka. Aliiweka kadi chini ya sufuria, akashika mwiko akasonga. Ule ugali hakuula.

Na kulikuwa na kaburi. Kaburi la Hamida wa kwanza lilikuwa upande wa watoto, nyuma ya msikiti wa zamani, katikati ya makaburi madogo kumi na kitu ya miaka ya homa na surua. Lilikuwa na mawe mawili ya matumbawe, la kichwani na la miguuni, na kikombe cha bati alichokuwa akinywea uji, kilichotobolewa tako ili mtu asikichukue. Kila mwaka kabla ya Ramadhani Sauda alikwenda kung'oa majani na kukisugua kile kikombe kwa mchanga. Siku moja kabla ya wageni kufika, Alfani aliwachukua wanaume wanne wakaenda kusafisha makaburi. Sauda akiwa nyumbani alisikia mapanga yakifyeka toka asubuhi mpaka adhuhuri, na akaona moshi wa majani. Alidhani wanaondoa kikombe. Alfani alipopita kurudi kwake, Sauda hakumwuliza, na Alfani hakusema. Wote wawili walifanya haraka kuzungumzia bei ya korosho.

Wageni walikuwa wawili, mmoja dereva, mwingine kijana wa ofisini aliyejitambulisha kwa jina la Jerome. Alikuwa na adabu. Aliamkia kila aliyemzidi umri, akaitikiwa marahaba kwa furaha kubwa mno. Kiswere, kijiji ambacho hakijapata kukubaliana hata pa kuchimba kisima, siku hiyo kilikubaliana. Mwenyekiti Ridhiwani alisema Sauda ana mtoto mmoja. Haruna alisema mmoja, tena akaongeza kwamba anamkumbuka mama mtu alivyohangaika kupata hata huyo mmoja. Vikongwe waliomwosha yule mtoto na kumkafini waliulizwa, wakasema, mtoto gani? Hakuna aliyelipwa wala kutishwa. Walimpenda Hamida na walimhurumia Sauda, na kwa upendo huohuo walimfuta yule mtoto nyumba kwa nyumba.

Wa mwisho kuulizwa alikuwa Stefania, jirani wa Sauda, Mkatoliki aliyeolewa pale kutoka bara ya Kilwa. Stefania alikuwa akikaanga vitumbua. Mwanawe Optatus alizaliwa wiki moja na Hamida wa kwanza, na Sauda alipokuwa na jipu la ziwa, Stefania ndiye aliyewanyonyesha wote wawili, mmoja huku, mmoja huku. Jerome alimwuliza kama jirani yake alipata kuwa na mtoto mwingine. Sauda alikuwa amesimama hatua tano.

"Mimi namjua mmoja," Stefania akasema, akageuza vitumbua. Machozi yalikuwa yanamtiririka, akayafuta kwa kiganja, akalaumu moshi.

Jerome aliandika, akashukuru, akala vitumbua viwili. Jioni gari likaondoka. Kwa mwezi mzima baadaye Stefania hakukanyaga kwa Sauda, na Sauda hakumwita. Hakuna aliyemkasirikia mwenzake. Kila mmoja alimwonea haya mwenzake, na haya za namna hiyo ni mbaya kuliko ugomvi, maana hazina wa kuzisuluhisha.

Hamida akafungua begi. Akasafiri.

Mechi zilioneshwa bandani kwa Haruna, na Sauda alikaa kwenye benchi la mbele aliloandaliwa. Ya kwanza walifungwa mbili, ya pili wakatoka sare, na katika ile Hamida alidaka penalti ambayo mpaka leo watu wa Kiswere wanaisimulia kwa mikono. Banda lilitikisika. Mtangazaji, aliyepewa sijui na nani historia ya wachezaji, akasema huyo ndiye Hamida Huseni kutoka pwani ya Lindi, mtoto wa pekee wa mama mjane mkulima wa ufuta. Watu wakampigia Sauda makofi. Alitabasamu mpaka mashavu yakamwuma. Pembeni ya banda, Stefania alikuwa ameinamisha kichwa.

Ya tatu walihitaji kushinda na hawakushinda. Bao lilikuwa la kona, mpira wa juu, Hamida akatoka langoni akauchelewa. Kamera ilimwonesha amepiga magoti, uso ndani ya zile glavu. Wenzake walimwinua. Kiswere ikasema imeonewa na mwamuzi, kama inavyosema siku zote, ikaenda kulala.

Alirudi mwezi wa kumi na mbili, mvua zikiwa zimekwisha kuanza. Kijiji kilimpokea kwa ngoma na Ridhiwani akahutubia tena. Hamida alikuwa amerefuka, amekonda usoni, anajibu kwa upole kila anachoulizwa. Alimgawia mama yake kanga, akampa baba mdogo Alfani kofia ya timu. Siku ya nne, wakiwa wawili uani wanapukuchua mahindi, akasema mkono ukiwa kazini.

"Mama, kule kambini walinihoji na mimi."

"Najua."

"Waliniuliza kama nina dada aliyekufa. Nikasema sina. Wakaniuliza mara ya pili, nikasema sijawahi kuwa naye." Aliweka gunzi chini. "Sikuwahi kumfikiria, mama. Kweli nakwambia. Lakini tangu siku ile nikisikia wanaita Hamida uwanjani, nageuka nikiona kama hawaniiti mimi. Nipeleke kwake. Nataka nimwombee dua na nimwombe radhi."

Sauda hakuwa amekwenda makaburini tangu siku ya kiapo. Ramadhani ilikuwa bado mbali, alijipa sababu hiyo, lakini ukweli ni kwamba aliogopa kusimama mbele ya mtoto aliyemkana. Sasa alijisikia mwepesi kidogo. Alifikiri, tutakwenda wawili, nitamwomba radhi na mimi. Alitawadha, akajifunga kanga mpya, wakaenda alasiri ileile, mama mbele, binti nyuma.

Walipozunguka msikiti wa zamani Sauda alisimama.

Upande wa watoto haukuwa na jiwe hata moja. Alfani, mtu wa vitendo, hakutaka libaki pengo la kaburi moja lililong'olewa mawe, likamtia mgeni mashaka. Alikuwa ameng'oa yote. Yale mafungu ya udongo yalisawazishwa kwa jembe. Kichaka cha mtunda ambacho Sauda alikitumia kama alama, akikata kulia hatua chache, kilikuwa kimekatwa na shina lake kuchomwa. Kisha mvua zimenyesha, na majani mabichi yameota mahali pote kwa kimo kimoja, mazuri, yamejaa.

Alijua mwanawe yuko hapa. Hatua kumi huku, au hatua kumi kule. Alitazama upande wa msikiti akajaribu kupima kwa macho, akatazama upande wa njia akapima tena, na kila kipimo kilimpeleka mahali pengine. Miaka kumi na saba alikuwa akija na macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kikombe. Hakupata kuhesabu. Nani huhesabu hatua za kwenda kwa mwanawe?

"Mama, ni lipi?" Hamida aliuliza nyuma yake, kwa sauti ya chini inayotumika mahali kama pale.

Angeweza kumwambia. Alifungua kinywa amwambie. Lakini aliona uso wa mtoto ulivyokuwa, na namna alivyokwisha kuvua viatu na kuvishika mkononi, na akaona kwamba akimwambia hili, Hamida atalibeba maisha yake yote, kwamba kwa ajili ya mechi tatu dada yake amepotezwa hata ndani ya ardhi. Hilo lilikuwa lake yeye Sauda kulibeba.

"Ni hili," akasema, akaonesha kwa kidole mahali palipokuwa na majani kama pengine pote.

Hamida akaenda akapiga magoti. Alipapasa majani kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayetafuta paji la uso la mgonjwa. Akainua ile mikono yake mirefu. Alisoma Fatiha, kisha akaongea kwa maneno yake mwenyewe, akimwita dada, akimweleza walivyofungwa, akimwomba amsamehe kwa kusema hakuwepo. Aliongea muda mrefu. Sauda alisimama nyuma yake na mwisho wa kila dua akaitikia amina, bila kuthubutu kusogeza mguu, kwa kuwa hakujua amesimama juu ya mtoto wa nani.